Pengo Juu ya Tairi la Kushoto

Wifi yangu haangalii sura za madereva. Mtu anaweza kumpigia honi, akapunguza mwendo na kumpungia mkono, na akishapita ndipo wifi aniulize, "Nani yule?" Lakini ukimuuliza gari lenyewe lilikuwaje kuanzia tairi hadi pale bati linapoanza, atakueleza kila mkwaruzo.

Madereva wamempa jina, Mama Ringi. Anafanya kazi kwenye gereji ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Pale hawafungui injini wala hawabadilishi oili. Wao husafisha ringi na zile plastiki nyeusi za nje ya gari, kisha huzipaka dawa ya kinga ili uchafu usishike na jua lisizipaushe.

Kazi hiyo niieleze kidogo, maana mwanzoni hata mimi nilidhani ni kuosha gari tu. Ringi huoshwa kwa sabuni, halafu hupuliziwa dawa inayokula vumbi la breki, lile vumbi la chuma linalogandia ndani. Dawa hiyo ikiwa kwenye chupa ni kama maji. Ikigusa chuma hugeuka zambarau, ikachuruzika mpaka sakafuni. Siku ya kwanza nilipompelekea chakula nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

"Usiogope, wifi," akaniambia. "Ni chuma hicho, si damu."

Alisema haraka mno, kama mtu aliyekwisha kujiambia hivyo mara nyingi.

Baada ya hapo ringi hukaushwa, hufutwa kwa spiriti, ndipo kinga yenyewe inapakwa, matone machache kwenye sponji ndogo iliyovikwa kitambaa. Kisha unangoja. Kinga huanza kuonyesha rangi rangi, kama mafuta juu ya maji ya dimbwi. Rangi hizo zikitokea, ufute upesi. Ukichelewa inaganda na mabaka, na hapo hata ulie, haitoki mpaka usugue upya. Tena kinga haichagui. Ukiipaka juu ya doa, doa linabaki humo humo.

Sasa niseme kwa nini alikwenda kufanya kazi hiyo, mwanamke ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani na mikono yake laini.

Mume wake alikuwa ndugu yangu, mdogo wangu wa mwisho kwa mama yetu. Alikuwa akisambaza mikate madukani kwa baiskeli, anatoka alfajiri na tenga nyuma. Asubuhi moja gari likamgonga penye kona ya ghala la mbao, likaondoka. Aliyemkuta, ameshakata roho, ni mfagiaji wa barabara. Mikate ilikuwa imetapakaa mpaka upande wa pili. Na katikati ya mikate palikuwa na kipande cha plastiki nyeusi, upana wa kiganja, kilichovunjika kutoka kwenye ukingo ule unaozunguka juu ya tairi.

Polisi walikichukua, wakakiandika. Miezi miwili ikapita. Siku moja askari akamrudishia wifi kipande kile ndani ya bahasha. "Mama, tunza mwenyewe," akasema. "Magari ya namna hii ni mengi kama nywele."

Ndipo wifi alipoanza kuzunguka gereji hadi gereji akiulizia kile kipande. Wengine walimhurumia, wengine walimfukuza kama muuza karanga. Mpaka akafika kwa Mzee Sponji.

Mzee Sponji ndiye mwenye gereji hiyo nyuma ya kituo cha mafuta. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na kitu, mtu wa taratibu, sponji begani saa zote hata akienda kunywa chai. Wifi alinisimulia kwamba mzee alikipokea kile kipande, akakigeuza, akakirudisha, akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Hiki sikijui, mama. Lakini kama unataka kazi, kazi ipo."

Nikamwambia wifi, "Kazi ya magurudumu? Wewe?"

"Wifi, hapa kila gari linaletwa lenyewe, na mimi nalipigia magoti," akanijibu. "Gari lile lina pengo. Siku moja litaletwa."

Mimi ni mtu wa kusali. Nilimwambia amwachie Mungu.

"Nimemwachia," akasema. "Mimi naangalia tairi tu."

Miaka minane ilipita hivyo. Alijifunza kazi mpaka akamzidi mwalimu wake. Mzee Sponji alimfundisha kila kitu bila kumficha: namna ya kupasha plastiki iliyopauka kwa hewa ya moto, namna ya kuziba ukingo uliovunjika kwa nyuma. Kuziba huko kila fundi ana mkono wake. Wengi hubandika kiraka cha mraba na gundi nyingi. Mzee Sponji hukata wavu wa dirisha kwa umbo la uru, lile la karata, akaubandika kona zikitazama juu, chini na pembeni, kisha akazikandamiza kona hizo kwa msumari wa moto, vitundu vitatu vitatu. "Kona nne hazing'oki," alimwambia wifi. "Kila moja inamvuta mwenzake."

Alikuwa mwema kwake. Mtoto wa marehemu alipougua, mzee alimpa wifi ruhusa bila maneno. Ada ya shule ilipochelewa, mzee aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akaondoka kabla hajashukuriwa. Nilikuwa nikimtaja katika sala zangu.

Na kipande kile je? Kilikaa kwenye kabati la jikoni, nyuma ya kopo la sukari, kimefungwa kwenye kitambaa. Mpwa wangu alikuwa haendi kuchukua sukari. "Shangazi, nichukulie wewe," angesema, na mimi ningeingiza mkono nikipapasa upande wa mbele tu. Sijui tuliogopa nini. Ni plastiki. Lakini mlango wa kabati lile ulipofunguliwa, sote watatu tulikuwa tunanyamaza.

Alfajiri wifi alikuwa akiamka wakati ule ule wa mikate, anakaa kitandani na kusikiliza. Nikilala kwao namsikia. "Amepita," anasema taratibu, halafu anakwenda kubandika chai. Sikuwahi kumuuliza amesikia nini, maana asubuhi moja, Mungu anisamehe, nilidhani hata mimi nimeisikia kengele ya baiskeli.

Kila mwaka, siku ile ilipofika, alikipeleka kipande gereji akakipaka. Mzee Sponji ndiye aliyemshauri. "Plastiki isiyo na kinga hukauka ikapukutika, mama. Ipake." Alimpa ile dawa nyeusi nzito ya bampa. Mwaka wa kwanza safu moja, mwaka wa pili ya pili. Nilimuona akiifanya kazi hiyo, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Ilikuwa kama kuosha kaburi.

Niungame na hili. Mimi niliomba gari lile lisipatikane. Nilitaka wifi apumzike.

Likapatikana siku ya Jumanne, kiasi cha saa tatu asubuhi. Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe, nami nayaandika alivyoyasema.

Gari lilikuwa la rangi ya majivu. Aliyelileta ni muuguzi, tayari amevaa sare, amelinunua miaka mitatu iliyopita kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Mzee Sponji, ambaye magoti yake yalikwisha kumgomea zamani, aliinuka kwenye kiti chake.

"Hilo niachieni mimi."

Fundi wa vioo wa banda la jirani akacheka. "Kwa magoti gani, mzee? Ukichuchumaa hapo tutakuinua na jeki!"

"Nimesema nalifanya mimi."

"Leo mzee kaona muuguzi, magoti yamepona ghafla!"

Muuguzi naye alicheka, lakini akasema, "Baba, samahani, nimeagizwa kwa Mama Ringi. Na saa saba niko zamu."

Mzee alisimama kidogo. Kisha akamwambia wifi bila kumtazama, "Basi fanya ringi tu. Plastiki acha."

"Jamani, plastiki ndiyo iliyonileta!" akasema muuguzi. "Zimepauka kama magoti ya mwanafunzi."

Basi wifi akaanza. Ringi tatu zikaisha vizuri. Akaja kwenye ya nne, ya mbele kushoto. Akaipaka kinga, akangoja rangi zitokee, na wakati anangoja akapitisha kitambaa kwenye ukingo wa plastiki ulio juu ya tairi, aondoe vumbi. Kitambaa kikakwama kwa ndani.

Akavua glavu, akaingiza vidole. Akawasha taa ya simu, akalaza kichwa sakafuni, akatazama juu.

Palikuwa na kiraka. Upana wa kiganja. Na nyuma ya kiraka palikuwa na wavu wa dirisha uliokatwa kwa umbo la uru, na kwenye kila kona vitundu vitatu.

"Wifi," aliniambia, "mwanzo nilifurahi. Unaamini? Niliona kazi nzuri. Nikajisemea, huyu fundi kajifunza kama mimi. Halafu nikakumbuka kwamba wa kufundishwa ni mimi peke yangu."

Kipande alikuwa nacho mkobani. Siku hizo alikuwa akikibeba kila mahali, kabati lilikuwa halimtoshi tena. Akakitoa, akakiweka juu ya kiraka, ukingo kwa ukingo. Ukubwa ulilingana. Lakini pale penye kuvunjika, ambapo palitakiwa pashikane jino kwa jino, safu nane za dawa nyeusi zilikuwa zimejaza kila jino. Ukingo umekuwa mviringo, laini, kama sabuni iliyotumika. Hakikusema ndiyo, hakikusema hapana.

Nyuma yake akaona viatu vya mzee. Havikusogea.

Hakugeuka. "Mzee, mkono huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mama."

"Ulimzibia nani?"

Mzee akavuta pumzi. "Niulize kwanza lini."

"Lini?"

"Asubuhi ile ile."

Wifi alibaki amepiga magoti. Mzee akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa amejifunza kuyasema miaka minane bila kuyasema.

"Alikuja kabla sijafungua. Mteja wangu wa siku nyingi. Akasema amegonga mbuzi, akataka pengo lizibwe kabla watu hawajajaa. Nikaamini. Nikafungua maji nisafishe ndani ya tairi." Akatazama tairi. "Likatoka tonge la mkate, mama. Mkate mweupe. Mbuzi habebi mkate."

"Ukafanya nini?"

"Nikaliosha."

Kwenye ringi ya nne rangi zilikuwa zimeshatokea na kupotea. Wote wawili waliona. Hakuna aliyeinua kitambaa.

"Na mimi nilipokuja na hiki?"

"Niliogopa. Nikasema nikupe kazi, ule, mtoto asome. Nikasema nitakwambia akishamaliza darasa la saba. Akamaliza. Nikasema akishamaliza sekondari."

"Na kunifanya nikipake kila mwaka?"

Mzee akatazama mikono yake. "Ile safu ya kwanza nilikuambia kwa nia njema, kisikauke. Hizo nyingine..."

Fundi wa vioo alikuwa ameacha kucheka. Muuguzi aliita kutoka kwenye benchi, "Mama Ringi, bado?"

"Bado, dada," wifi akajibu. Alinieleza kwamba siku zote alidhani siku hiyo atapiga kelele mpaka mtaa mzima ujae. Alichosema ni, "Mzee, vua aproni."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua tunakokwenda."

"Watanifunga, mama."

"Huenda."

"Nina miaka sabini na mmoja."

"Yeye alikuwa na thelathini na minne."

Mzee akavua aproni. Akatoa na sponji begani, akatafuta pa kuiweka, hakupaona, akaishika mkononi.

Wifi akamwendea muuguzi akamwambia gari lake haliondoki leo, amsamehe sana, asiliguse na asiruhusu mtu aliguse. Muuguzi alitaka kukasirika. Kisha alimtazama usoni, na wauguzi wanajua kusoma nyuso. Akauliza tu, "Ni baya?" Wifi akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akaketi tena, mkoba mapajani, akalitazama gari lake kama mtu aliyeambiwa kwamba ndani ya nyumba anayolala alifia mtu.

Mimi nilipigiwa simu, nikawakuta njiani. Walikuwa wakitembea kwa miguu, mzee mbele, wifi nyuma yake hatua tatu. Wifi aliponiona alinishika mkono tu. Mkono wake ulinuka spiriti. Nikajiunga, tukawa watatu kwenye mstari, na watu waliokutana nasi walidhani, nafikiri, tunakwenda kumzika mtu.

Kituoni palikuwa na askari kijana mezani, si yule wa bahasha. Akafungua kitabu. "Mlalamikaji nani?"

Wifi alinitazama mimi. Mimi ndiye dada wa damu, lakini nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nikikumbuka jinsi nilivyoomba lisipatikane, na nikajiuliza kama mtu mwenye ombi kama hilo anastahili kuitwa mlalamikaji.

"Andika mimi kwanza," akasema Mzee Sponji. "Mimi ndiye niliyeziba."

Akaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na mkate. Akalitaja jina la mtu yule. Yuko hai, ana familia, anakaa mtaa usio mbali na kanisa ninalosali. Jina lake siliandiki humu, hilo ni la mahakama. Nitasema tu kwamba nililijua. Tulikuwa tukipeana mkono.

Askari alipomaliza kuandika aliomba kipande. Wifi akakifungua kwenye kitambaa, akakiweka mezani taratibu. Kilikuwa kinang'aa kuliko kitu kingine chochote chumbani mle. Askari akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Mbona hiki kimepakwa? Hapa palipovunjika hapaonekani."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kakipaka?"

"Mimi," akasema wifi.

Hapo ndipo alipolia. Hakuwa amelia gereji, wala njiani. Hata msibani hatukumuona akilia namna hiyo, mdomo wazi bila sauti. Askari kijana wa watu alihangaika, akamletea maji, akasema wataalamu wapo, huenda dawa ikatolewa bila kuharibu chini yake, na gari lenyewe lipo, na shahidi yupo, mama usilie. Yeye alidhani analilia ushahidi. Mimi nilikuwa nimemuona akikipaka, kila mwaka, kwa ule utulivu wake.

Mzee alitazama ukutani muda wote huo.

Walituambia watalipima gari na kulipiga picha jioni ile ile, sisi turudi kesho kutwa, na mzee asisafiri. Tulitoka jua likiwa kali. Pale nje kwenye ngazi tulisimama kama watu waliosahau njia. Mzee alikuwa bado ameshika ile sponji. Ilikuwa imekauka, akawa anaiminya, haitoi kitu.

"Mama," akasema. Gereji ni yake, kibao kina jina lake, funguo ziko mfukoni mwake. "Kesho nije?"

Wifi alijifunga kitambaa chake cha kichwa upya. Nilifikiri atamwambia asimuone tena maisha yake, na nilikuwa tayari kusema amina.

"Uje," akamwambia. "Ringi ile ya nne imeganda, na kuisugua inataka watu wawili, na yule dada hana kosa. Lakini salamu yangu usiingoje."

Akanishika mkono, tukaondoka. Mpaka tunakata kona, mzee alikuwa bado amesimama kwenye ngazi.